Siku Mama Alipoitwa Jukwaani

Mama yangu hakuwahi kujiita mganga. Watu wa Nyangoto ndio waliomwita hivyo, na hata wao walisema kwa sauti ya chini. Alikuwa mwanamke wa Kiikoma, mzaliwa wa Mbalibali upande wa Serengeti, aliyeolewa na baba yangu Mkurya akiwa bado msichana. Alihamia Nyangoto kabla mgodi wa dhahabu wa pale haujawa na uzio wala taa. Alikuja na lugha yake, na alikuja na mambo aliyofundishwa na baba yake, ambaye kwao ndiye aliyekuwa akisema na mahali.

Kusema na mahali, sijui nilieleze vipi kwa Kiswahili likaeleweka. Kwao wanaamini kwamba chemchemi fulani, mwamba fulani, kichaka fulani, kina wenyewe waliotangulia, na wenyewe hao husalimiwa. Basi kila asubuhi mama aliamka, akachukua maziwa kidogo kwenye kibuyu, akasimama nyuma ya nyumba akiangalia jua linakotokea. Alinyunyiza maziwa chini huku akiongea Kiikoma polepole, kama mtu anayempa jirani habari za nyumbani. Alitaja wagonjwa, akataja mifugo, akatutaja sisi watoto wake kila mmoja na alipo. Halafu akaingia ndani kupika uji. Siri yake kubwa yote ilikuwa hiyo. Zaidi ya hapo alijua mizizi ya tumbo la watoto wachanga, na alikuwa na mikono ya kuwasaidia wanawake ambao mimba zilikuwa hazikai.

Walimjia. Walipita njia ya nyuma, kwenye upenyo wa ua wa minyaa, wakaketi jikoni na mitandio yao imeshushwa usoni. Walikuja wake wa wazee wa kanisa, walikuja wafanyabiashara, alikuja hata mwalimu mmoja. Wakikutana naye gulioni walimsalimia haraka haraka, kisha wakajifanya wanachagua nyanya.

"Wanaona haya," aliniambia nilipolalamika. "Mtu akiona haya, mwache nayo. Usimwongezee."

Mimi nilikuwa nimeondoka pale siku nyingi. Ninaishi Nkende, Tarime mjini, ninashona nguo. Ni Mkatoliki, nilibatizwa nikiwa shuleni, na mama hakunizuia. Alichosema tu ni kwamba nisije nikaacha kuamkia watu. Baba alipofariki nilimwomba ahamie kwangu, akakataa. Shamba lile ndilo lililokuwa na kaburi la mume wake, na maziwa yake ya asubuhi yalikuwa yameshazoea ardhi ile. Ndivyo alivyosema.

Kijana wa tamasha alifika kwanza dukani kwangu. Alikuwa mratibu wa kikundi cha utamaduni, mpole, mwenye maneno mengi. Alinieleza kwamba wanaandaa sherehe ya mila za siri na maelewano ya imani. Watakuwepo wazee wa mila, mapadre, wachungaji, sheikh wa mjini, na wageni kutoka Arusha na Nairobi ambao wanajifunza elimu za siri za roho. Kila mmoja ataonyesha cha kwake, na hakuna atakayedharau cha mwenzake.

"Tumesikia habari za mama yako," alisema. "Watu kama yeye wamefichwa mno. Tunataka watoke nje, dada. Tuvumiliane."

Nilimwambia mama yangu si kikundi cha ngoma. Alicheka, akasema anaelewa, lakini anaomba amwone mwenyewe. Nikaenda naye Nyangoto, maana nilijua asipokwenda na mimi atakwenda peke yake, na mama Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza.

Alimwamkia mama vizuri. Akaeleza yote tena, mimi nikitafsiri kwa Kikurya. Mama alimsikiliza huku anapepeta ulezi. Alipomaliza, mama aliuliza swali moja.

"Mwulize, nitaingilia wapi?"

Kijana hakuelewa. Nikamfafanulia kwamba anauliza ataingia kwa njia ipi, ya mbele au ya nyuma.

"Ah, mama!" kijana akasema. "Ni uwanja, hakuna mlango. Wote tunaingilia getini. Na wewe utakaa mbele kabisa, meza moja na wachungaji."

Niliona mama ameacha kupepeta. Aliangalia kule kwenye upenyo wa minyaa, kisha akaniangalia mimi. "Nitakwenda," akasema.

Sikumkatalia. Ningemkatalia kwa lipi? Maisha yake yote watu walikuwa wamemwendea kwa kuinama, na sasa amekuja mtu mchana kweupe kumwambia akae mbele.

Nilimshonea gauni la kitenge cha kijani chenye maua madogo. Mratibu alikuwa amesema kila imani ilete chakula chake, watu wale pamoja, iwe ishara. Mama alisaga ulezi wa ugali mwenyewe kwenye jiwe, akakataa kabisa unga wa mashine. Alichuma mgagani, akauchemsha kwa maziwa hadi uchungu ukaisha. Maziwa ya mgando aliyaweka kwenye kibuyu alichokisafisha kwa mkaa wa mti anaoujua yeye, ule unaoacha harufu nzuri. Alipofika kwangu Nkende siku moja kabla, alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu msiba wa baba.

Uwanja ulikuwa umejaa maturubai meupe na spika kubwa. Walikuwepo wazee wa Kikurya na zeze lao la ritungu, walikuwepo wanakwaya wenye sare, walikuwepo wageni wa Nairobi waliovuka mpaka wa Sirari asubuhi ile, wamevaa nguo nyeupe, wametandika mikeka na kupanga mawe ya rangi na ubani. Mama alikaa mbele kama alivyoahidiwa. Kulia kwake alikaa sheikh, mzee mwembamba wa ndevu nyeupe. Kushoto alikaa mchungaji wa kanisa moja la kiroho la kule Nyangoto, na pembeni ya mchungaji, mke wake.

Nilimfahamu yule mwanamke. Alikuwa ameingia jikoni kwa mama mara nyingi, miaka ile alipokuwa akipoteza mimba. Mtoto wake wa kwanza mama ndiye aliyempokea. Nilimsalimia, akaitikia huku akirekebisha kilemba. Mama hakumsalimia kwa jina wala kumwonyesha kwamba wanajuana. Alimpa mkono tu, kama mgeni kwa mgeni. Hakutaka kumwongezea haya.

Wageni wa Nairobi walitangulia. Walifumba macho, wakagonga bakuli la shaba likatoa mlio mrefu, wakatuambia tuvute pumzi na tuisikie nguvu ya ardhi ikipanda miguuni. Watu walitulia kimya. Mchungaji naye alifumba macho. Walipomaliza walipigiwa makofi.

Kisha mshereheshaji akamwita mama. Hakutumia jina alilopewa. Alisema, "Sasa jamani kaeni mkao wa kula, anakuja bibi mwenyewe, bibi wa mambo yetu yale! Wenye hirizi mfukoni zishikeni vizuri!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama aliniuliza amesema nini. Nikamwambia anakukaribisha.

Alipanda jukwaani na kibuyu chake. Aliomba kitu kimoja, nikakitamka kwenye kipaza sauti: watu washushe simu kwa muda mfupi, kwa sababu anachosema hasemi na watu. Nilipomaliza kulisema hilo, simu zilizokuwa chini nazo zikainuliwa. Mama alisubiri. Alipoona hazishuki, akaanza hivyo hivyo. Alimimina maziwa kiganjani, akanyunyiza, akaongea. Nilimsikia akiomba mvua isichelewe. Akaomba vijana wanaoingia mashimoni kutafuta dhahabu warudi kwa mama zao. Akawaombea wote waliokaa meza ile, mmoja mmoja, na alipomfikia mke wa mchungaji aliombea watoto wake.

Hapo ndipo mchungaji alipoanza. Kwanza alisema chini chini, kisha sauti ikapanda. "Shindwa! Kwa jina la Yesu, shindwa! Moto!" Alikuwa amekaa kitini kwake vile vile, mkono mmoja umenyooka kuelekea jukwaani. Baadhi ya wanakwaya wakaanza naye. Mratibu alisimama, akaangalia huku na huku, akakaa tena. Ritungu lilipigwa, nadhani kwa kuamriwa, ili kuficha kelele, na vijana wakaona ni wakati wa kucheza, wakaingia uwanjani wakirukaruka. Mama alisimama katikati ya hayo yote na kiganja chake kimelowa.

"Wamekasirika?" aliniuliza.

"Wanaomba na wao," nikasema.

"Basi wangeningoja nimalize."

Kwenye chakula, meza ndefu zilikuwa zimepangwa. Pilau lilikuwepo, kuku, chapati, na soda za kila rangi. Chungu cha mama kiliwekwa mwisho wa meza pamoja na ugali, na yeye akasimama nyuma yake na kijiko mkononi, tayari kuwapakulia watu. Msururu wa watu ulipita. Walikuja na sahani zao, wakichota huku na kule, na walipomkaribia walikata kona. Wengine walitabasamu na kusema wameshiba, na sahani zao zilikuwa bado nusu tupu. Mwanamke mmoja wa Nairobi alimshika mama bega, akasema, "Mathe, wewe uko na energy poa sana, aki. Naomba tupige picha na hiyo kibuyu." Wakapiga. Nikampakulia ugali, akasema tumbo lake ni la shida, asante.

Sheikh alikuja mwishoni, akiwa na fimbo yake. Alichungulia chungu.

"Kuna nyama humu?"

"Hakuna, mzee. Ni mgagani na maziwa."

"Basi nipe. Nimeukosa huu tangu mke wangu afariki."

Alikula amesimama pale pale, akaongeza, akamshukuru mama kwa Kikurya cha kuvunjikavunjika. Mimi nilikula. Mama alikula. Mke wa mchungaji alipita na watoto wake, na yule mkubwa alinyoosha sahani, akavutwa mkono. Mama alishusha kijiko.

Baadaye waliwapanga viongozi wote mstari mmoja, wakawaambia washikane mikono juu. Mchungaji aliushika mkono wa mama kwa vidole viwili, akacheka kwenye kamera. Sisi tuliondoka na chungu kizito. Tulipofika Nkende aliniambia nigawe ugali kwa majirani, halafu akajirudi mwenyewe: "Au acha. Na wenyewe watauliza umetoka wapi."

Ningefurahi kama mambo yangeishia pale. Aibu ya siku moja mtu huisahau. Lakini zile simu zilikuwa zimerekodi, na baada ya muda mfupi mama alikuwa kwenye makundi yote ya mtandaoni. Mtu alikuwa ameondoa sauti yake, akaweka muziki wa kutisha, akaandika juu kwamba huyu ndiye mchawi wa Nyangoto, ameumbuliwa na watumishi wa Mungu mbele za watu. Ulionekana mkono wa mchungaji umenyooka. Lilionekana gauni nililolishona.

Waliokuwa wakipita njia ya nyuma wakaacha kupita. Hilo lenyewe mama alilibeba. Lililomshinda ni baba mdogo, ndugu wa marehemu baba. Siku hizo zilikuwepo tetesi kwamba mashamba ya upande wetu yatachukuliwa na mgodi, na wenye mashamba watafidiwa, na tetesi za namna hiyo pale Nyangoto huwafanya ndugu wahesabiane mipaka kwa macho. Ng'ombe wake wawili wakafa. Ng'ombe wa jirani nao walikufa, ulikuwa ugonjwa umeingia, daktari wa mifugo alisema hivyo. Lakini baba mdogo aliitisha kikao cha ukoo, akaweka simu katikati ya wazee, akaiwasha.

Nilikuwepo. Wazee wale walikuwa wanamfahamu mama tangu alipoletwa akiwa bibi harusi. Waliitazama ile simu kama vile wanamwona mtu mpya.

"Mura," nilimsikia mmoja akimwambia baba mdogo, "huyu mama ametibu watoto wako wewe mwenyewe."

"Ndiyo," akajibu baba mdogo. "Na anayejua kufungua anajua kufunga."

Mama aliomba aseme, wakamwambia hapa wanaongea wenye ukoo. Walioamua wakaamua: arudi kwao au aje kwangu, kwa usalama wake, na shamba litaangaliwa na ndugu. Jioni ile ile, mama akiwa anakamua, mawe yalianza kuanguka juu ya bati. Ndama alivunjika mguu.

Nilikwenda kwa mratibu kumwomba aje aseme neno, kwa sababu yeye ndiye aliyemtoa mama nje. Alinisikitikia sana. Alinikalisha, akaniagizia chai. "Dada, mimi roho inaniuma," akasema. "Lakini sisi tunahusika na utamaduni. Mambo ya ardhi yana wenyewe." Nilimwomba basi aifute ile video. Akasema hawakuirekodi wao.

Nilikwenda kwa mchungaji. Mke wake ndiye aliyefungua mlango, akaniacha nimesimama barazani. Mchungaji alitoka akanipa mkono mzima, vidole vyote. Nilimweleza kwamba mama anafukuzwa kwake kwa sababu ya siku ile.

"Dada yangu, mimi sina neno na mama," akasema. "Si tulishikana mikono? Hata picha ipo. Mimi niliikemea roho, sikumkemea mtu."

"Lakini wanaomfukuza ni watu, mchungaji, na anayefukuzwa ni mtu."

"Tutamwombea," akasema. Kupitia dirishani nilimwona mke wake amekaa ameinamisha kichwa, na nilisubiri, kwa ujinga wangu, kwamba atainuka aseme. Hakuinuka.

Mama akahamia kwangu. Asubuhi ya kwanza nilimkuta amesimama uani na kikombe cha maziwa ya pakiti, anatafuta pa kuyanyunyizia. Ua wetu wa kupanga ni saruji tupu, ukuta hadi ukuta. Aliyanyunyiza hivyo hivyo. Mpangaji mwenzangu alikwenda kushtaki kwa mwenye nyumba kwamba nimemleta bibi anamwaga dawa mlangoni. Wenzangu wa jumuiya, ambao tulikuwa tukisali kwa zamu nyumba kwa nyumba, wakaanza kuiruka nyumba yangu. Walisema wanaona nimechoka na mgonjwa. Sikuwa na mgonjwa. Mama akaacha kuamka mapema. Ukaanza kupita mchana mzima hajaongea, amekaa nyuma ya cherehani akiokota vipande vya nguo na kuvikunja.

Siku moja aliniambia, "Nipeleke kwetu."

Kwao Mbalibali walikuwa wamebaki watoto wa kaka yake, wakulima na wafugaji, wote watu wa kanisa. Nilimpigia simu mkubwa wao. Alifurahi, kwa kweli, alisema shangazi ni damu yao na nafasi ipo. Kisha akakohoa. Alikuwa mzee wa kanisa, akasema, na habari za mtandaoni zilikuwa zimefika na kule. Ingekuwa rahisi kwa kila mtu kama shangazi angebatizwa kwanza.

Nilikasirika hadi nikakata simu. Mama ndiye aliyeniambia nimpigie tena.

"Mwambie ndiyo."

"Mama, huwezi kulazimishwa hivyo. Wewe mwenyewe unaamini?"

"Mimi nataka kulala kwetu," akasema. "Wakitaka nilowe kwanza, nitalowa."

Walimbatiza mtoni, yeye na wasichana watatu waliomaliza shule. Alitolewa majini anatetemeka, wanawake wakaimba na kumfunika khanga. Walimpa jina jipya ambalo hakuweza kulitamka, na hadi leo akiitwa nalo haitiki mara ya kwanza. Niseme ukweli, wanamtunza vizuri. Anakula, ana kitanda, wajukuu wanamchotea maji. Jumapili wanampeleka kanisani, anakaa benchi la nyuma na mikono mapajani. Nilimwuliza kama anakwenda kwenye ile chemchemi ya baba yake, kule alikojifunzia. Alisema wameizungushia waya, imekuwa ya kunyweshea mifugo, na yeye siku hizi magoti hayamfikishi. Sikujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa jibu.

Shamba la Nyangoto baba mdogo amelilima hadi ukingoni mwa kaburi la baba. Fidia haijatoka, labda haitatoka. Tetesi zenyewe zimehamia upande mwingine.

Mwaka huu mratibu alinipigia simu. Tamasha linarudi, kubwa kuliko lile, na kwenye bango wameweka picha ya mama akiwa jukwaani na kibuyu, maana picha ile watu wengi wameipenda. Je, atakuja?

Nilimwambia alipo, na nilimwambia amebatizwa.

"Ah. Kumbe. Basi hapo inakuwa ngumu, dada. Sisi tunatafuta wale wenye asili yao bado." Alinitakia heri, akasema watatafuta mwingine. Bango hawakulibadilisha. Nimeliona limebandikwa ukuta wa stendi, mama yangu anawaangalia wapita njia, na maandishi chini yake yanawaambia wavumiliane.

Nilipokwenda Mbalibali kumtembelea nilimkuta anamenya muhogo mbele ya nyumba. Nikamweleza kwamba wale watu walikuwa wanamtaka tena.

"Umewaambia nimekufa?"

"Hapana. Nimewaambia umebatizwa."

"Kwao ni hayo hayo," akasema, akachukua muhogo mwingine.